SAYYID BARGHASH BIN SAID NA SHUKRANI YA NEEMA

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, mwenye kuneemesha kabla hajaombwa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Mwenyezi Mungu huwatahini waja wake kwa shida, na huwatahini kwa raha. Mtihani wa shida watu huutambua upesi, kwani mwenye njaa anajua kuwa ana njaa, na mgonjwa hahitaji kuambiwa kuwa anaumwa. Bali mtihani wa raha wengi huupita bila ya kujua kuwa wamo ndani yake. Mtu hulala ameshiba, akaamka mzima, akawakuta watoto wake salama, kisha neno la kwanza litokalo kinywani mwake likawa ni manung'uniko.

Wanavyuoni wametufundisha kwamba shukrani ina sehemu tatu. Ya kwanza ni ya moyo, nayo ni kujua kuwa neema yatoka kwa Mola. Ya pili ni ya ulimi, nayo ni kumsifu Mwenye kuitoa. Ya tatu ni ya viungo na mali, nayo ni kuitumia neema hiyo katika yale anayoyaridhia. Sehemu hii ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo ionekanayo na watu.

Kwa ajili ya hayo yanaelezwa hapa maisha ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 mpaka mwaka 1888. Hakuchaguliwa kwa kuwa alikuwa mtu asiye na kosa. Amechaguliwa kwa kuwa alizaliwa katika neema akanung'unika, kisha akanyang'anywa akaonja, kisha akapewa tena zaidi ya alivyokuwa navyo mwanzo. Mwenye kuyasoma maisha yake atajiona mwenyewe ndani yake, ijapokuwa hana ufalme.

KUZALIWA NA MALEZI YAKE

Sayyid Barghash alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, yule aliyeufanya mji wa Unguja kuwa makao yake na akaamrisha karafuu zipandwe hata kisiwa kikajaa harufu yake. Mama yake alikuwa suria wa Kihabeshi. Sayyid Said alikuwa na watoto wengi mno; alipofariki waliokuwa hai walizidi thelathini, kila mmoja na watumishi wake.

Basi kijana huyu hakujua dhiki. Kulikuwa na jumba la Mtoni kando ya bahari, lenye birika za kuogea na bustani, na majumba mengine mjini. Vyombo vya India na Uchina vilikuwa katika vyumba, na farasi wa Kiarabu katika mazizi. Alisoma Kurani na akalelewa katika madhehebu ya Ibadhi, kama walivyokuwa wazee wake. Alikuwa na akili kali na moyo wa ushujaa, na watu waliyaona hayo kwake tangu udogo.

MANUNG'UNIKO NDANI YA NEEMA

Katika mwaka 1856 Sayyid Said alikuwa akirejea kutoka Oman kwa merikebu, na Barghash alikuwa pamoja naye. Mzee akafariki baharini mwezi wa Oktoba kabla ya kufika Unguja. Usiku walipofika, Barghash alimteremsha baba yake kwa siri akamzika, kisha akataka kuishika ngome kabla watu hawajajua. Askari wa ngome hawakumkubali. Ufalme wa Unguja ukamwendea ndugu yake, Sayyid Majid.

Mirathi iligawanywa, na watoto wa marehemu wakapata mafungu yao ya mali na mashamba. Barghash hakuwa fukara siku ile. Alikuwa na nyumba, na watumishi, na heshima mbele za watu, na umri wake haukuzidi miaka ishirini. Lakini jicho lake halikutazama alichopewa. Lilitazama kile alichopewa ndugu yake. Na hii ndiyo njia ya manung'uniko siku zote. Mtu hasemi kuwa hana. Husema kuwa mwenzake anacho zaidi.

Neno hilo likakua ndani ya nyumba hata likawa fitina. Akaungana na watu wa kabila la Harth waliokuwa na kinyongo chao, na baadhi ya dada zake wakamfuata, miongoni mwao Bibi Khole na Bibi Salme. Watoto wa baba mmoja wakawa hawasalimiani. Mwaka 1859 jambo likadhihirika, na askari wa Sayyid Majid wakaizunguka nyumba ya Barghash. Waliomo ndani wakaonja kitu wasichokionja maishani mwao, chakula kikawa haba na maji yakawa ya shida. Mwana wa mfalme, aliyekulia kando ya birika za Mtoni, akayajua maji kwa kuyakosa.

Akatoroka usiku amejifunika nguo za kike, akakimbilia shamba lililoitwa Marseilles, na wafuasi wake wakaligeuza kuwa boma. Sayyid Majid akaenda na jeshi lake, akasaidiwa na mabaharia wa manowari ya Kiingereza. Watu wengi wakafa, nao walikuwa Waislamu pande zote mbili. Barghash akarudi kujificha nyumbani kwake mjini, na mwishowe akasalimu amri. Ndugu yake hakumwua. Alimtoa katika nchi, akapelekwa Bombay.

MIAKA MIWILI YA UGENINI

Huko India alikaa muda wa kama miaka miwili. Alikuwa mgeni katika mji mkubwa, hana amri juu ya mtu, na habari za kwao zilimfikia pale jahazi zilipofika. Aliyekuwa akiona fungu lake dogo alijua sasa ukubwa wake.

Lakini Mwenyezi Mungu huenda akamfungia mja mlango mmoja ili amwonyeshe mwingine. Barghash aliona Bombay mambo ambayo asingeyaona kama angebaki katika baraza za Unguja. Aliona viwanda na mabarabara, na meli za moshi zikiingia na kutoka. Na ilitokea kwamba katika mwaka 1860, naye yuko huko, mji ule uliletewa maji ya mabomba kutoka katika ziwa la Vihar. Watu waliokuwa wakitegemea visima na matangi sasa waliyapata maji katika mitaa yao.

Mwaka 1861 aliruhusiwa kurejea. Akakaa Unguja kwa utulivu miaka yote iliyosalia ya utawala wa nduguye. Tarehe 7 Oktoba 1870 Sayyid Majid akafariki, naye hakuacha mtoto mwanamume, na Barghash akatawazwa.

Na azingatie hapa mwenye kuzingatia. Kiti kile kile alichokitaka kwa silaha mwaka 1859, kikamjia baada ya miaka kumi na mmoja bila ya risasi kupigwa. Damu iliyomwagika Marseilles haikumkaribishia siku hata moja. Riziki ya mtu haicheleweshwi na subira, wala haiharakishwi na manung'uniko.

UFALME NA TUFANI

Alipokaa katika kiti, mji ulikuwa umetoka katika msiba. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Unguja kikaua maelfu ya watu. Mji ulikuwa umesongamana, na maji yake yalikuwa ya visima vifupi vilivyochimbwa karibu na nyumba na vyoo.

Kisha ukaja mtihani mwingine. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa iliupiga mji na mashamba. Merikebu zilivunjwa bandarini, mapaa yakachukuliwa, na mikarafuu ya Unguja iliyo mingi ikang'oka kwa muda wa saa chache. Mti wa mkarafuu hautoi mazao mpaka umekaa miaka kadhaa. Kwa hiyo aliyepoteza shamba lake siku ile alipoteza mavuno ya miaka. Kisiwa cha Pemba kilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo shamba kubwa la karafuu.

Barghash wa mwaka 1859 alikuwa na kila kitu akaona hana kitu. Barghash wa mwaka 1872 alipoteza mali kwa kweli. Je, alifanya nini? Yaliyomo moyoni ayajua Mwenyezi Mungu peke yake. Watu hutazama matendo, na matendo yake baada ya hapo yanajulikana.

MAJI YA MJI

Tendo lake kubwa ni maji. Nje ya mji, upande wa kaskazini, palikuwa na chemchemi za maji safi. Sayyid Barghash aliagiza mabomba, akajenga mifereji, akayaleta maji yale mpaka mjini. Hakuyaishiliza katika majumba yake. Aliyafikisha kwa watu, wakayateka bure, tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni. Mwanamke aliyekuwa akishinda kisimani na mtungi wake, na mchukuzi aliyekuwa akiuza maji mtaani, wote wakaona jambo jipya.

Waislamu wote wanajua cheo cha sadaka ya maji. Wanavyuoni waliihesabu katika sadaka zilizo bora, na Mtume alimwelekeza Saad bin Ubada kwayo pale alipotaka kumtolea sadaka mama yake aliyefariki. Mwenye kuchimba kisima hulala kaburini, na kila mwenye kiu anywaye humwongezea thawabu.

Tena alijenga hamamu mjini, mahali ambapo mpaka leo paitwa Hamamni, ili watu wapate pa kuoga. Alinunua meli za moshi zilizokwenda mpaka Bombay na kuleta mchele na bidhaa. Baada ya safari yake ya Uingereza mwaka 1875 alileta mtambo wa kupiga chapa, na tangu yapata mwaka 1880 vitabu vya dini vya Kiibadhi vikapigwa chapa Unguja kwa gharama yake. Elimu iliyokuwa imefungwa katika nakala chache za mkono ikaenea mpaka Oman na kwingineko.

Alijenga pia kwa ajili ya nafsi yake. Jumba la Maruhubi lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1880, na mwaka 1883 likamalizika lile jumba refu ambalo watu waliliita Beit al-Ajaib, yaani nyumba ya maajabu. Si haramu mtu kustarehe kwa kile alichoruzukiwa. Lakini mwisho wa majumba hayo utatajwa, kwani una mafundisho.

JAMBO LISILOFAA KUFICHWA

Msomaji wa bara, na hasa wa nchi za Ziwa Tanganyika, hana budi kuambiwa jambo hili wazi. Neema ya Unguja haikutoka katika udongo peke yake. Karafuu zilichumwa kwa mikono ya watumwa, na pembe za ndovu zilishuka pwani juu ya mabega ya watu. Misafara ilipita Tabora na Ujiji, na katika hao waliochukuliwa walikuwamo watu wa pande hizi. Kwa njia hizo hizo ulikuja Uislamu na lugha ya Kiswahili, ukafika Ujiji, na Uzige, na kisha ndani ya Burundi. Wema na dhuluma vilisafiri katika njia moja.

Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Hakuutia kwa hiari yake. Waingereza walimtisha kuwa wataizuia bandari yake kwa manowari. Mwaka 1876 alitoa amri za kuzuia misafara ya watumwa katika bara. Utumwa wenyewe ulibaki Unguja hata baada ya kufa kwake, mpaka hukumu yake ilipoondolewa mwaka 1897.

Basi na ijulikane kwamba kusema alhamdulillahi juu ya kitu kilichochukuliwa kwa mwingine si shukrani. Neema iliyo na jasho la mnyonge ndani yake, shukrani yake ya kwanza ni kumrudishia mnyonge haki yake. Hili lilimpita Sayyid Barghash na wengi wa zama zake, nalo huwapita wengi wa zama zetu, wenye vibarua wasiolipwa na mayatima wasiopewa urithi wao.

Vilevile alikuwa mkali kwa waliomkhalifu. Sheikh Ali bin Abdalla Mazrui wa Mombasa, mwanachuoni wa Kisuni, alifungwa kwa amri yake kwa sababu ya mafundisho yake, naye hakutoka mpaka Barghash alipokufa.

MWISHO WAKE

Watu walikuwa wakisema kwamba zumari ikipigwa Unguja, walio maziwani hucheza. Usemi huo ulikuwa na ukweli wake, kwani jina la Sayyid Barghash lilijulikana mpaka Ujiji, na bendera yake nyekundu ilitangulia misafara.

Lakini mwaka 1884 Wajerumani waliingia bara wakaandikisha mikataba na machifu, na mwaka 1885 serikali yao ikaitangaza nchi hiyo kuwa chini ya himaya yake. Barghash alipinga. Mwezi wa Agosti mwaka huo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba lake, mizinga ikielekea mji. Pamoja nao alikuwamo dada yake Salme, ambaye zamani alishirikiana naye katika fitina ya 1859, kisha akaondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa na Mjerumani na akaingia Ukristo. Alikuja akidai mirathi yake, na kaka yake hakutaka kumwona. Fitina ile ya ujanani, iliyoanza kwa kutoridhika na fungu, ilikuwa bado haijafungwa baada ya miaka ishirini na sita.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipima mipaka, wakamwachia visiwa vyake na ukanda wa pwani wa maili kumi. Bara yote ikatoka mkononi mwake. Afya yake nayo ikadhoofika. Mwanzoni mwa mwaka 1888 alisafiri kwenda Oman akitafuta nafuu, akarejea Unguja katika mwezi wa Machi, na akafariki mara baada ya kufika. Umri wake ulikuwa kama miaka hamsini.

Ama majumba yake, Maruhubi iliungua moto mwaka 1899, na leo ni nguzo zilizosimama katika majani. Mwaka 1896 mizinga ya Waingereza ililivunja jumba jirani na Beit al-Ajaib kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Ajaib yenyewe ilisalia, hata mwezi wa Desemba 2020 sehemu yake kubwa ikaanguka. Ama maji, watu wa Unguja walikunywa, wakapikia, wakatawadhia na wakaoshea maiti zao, vizazi baada ya vizazi, na wanapomtaja Barghash huyataja maji yake.

MAZINGATIO

Mwenyezi Mungu ametupigia mfano wa watu wa Saba. Walikuwa na bustani kuumeni na kushotoni, na maji, na miji iliyokaribiana hata msafiri hakuhitaji kubeba chakula wala kuogopa njiani. Raha ikawachosha. Wakaona njia zao fupi mno, wakaomba safari zao zirefushwe. Wakaletewa mafuriko, bustani zao zikageuka miti michungu, nao wakawa hadithi. Hawakuangamia kwa njaa. Waliangamia kwa kutoithamini shibe.

Na tusidhani kwamba habari hizi ni za wafalme tu. Mtu wa Mushasha ambaye bibi yake alishuka bondeni alfajiri na mtungi, akapanda mlima nao kichwani, leo hufungua bomba uani. Bomba likikauka siku moja, hulaani siku nzima. Nalo lilipotoka maji siku mia hakusema neno. Mtu wa Gitega hupata maharage, na ndizi, na muhogo, na mvua ya Mola wake, kisha akaudhika kwa kuwa hakuna nyama. Mtu wa Muyinga hulala usiku bila ya hofu, na huenda amesahau miaka ambayo watu wa nchi hii walilala vichakani, na wengine wakavuka mpaka hawana ila nguo walizovaa. Waliopita katika siku hizo wanajua kwamba usingizi wa salama nyumbani kwako ni ufalme.

Basi kila mwenye neema na ajiulize mambo matatu. Je, moyo wangu unamjua aliyenipa? Je, ulimi wangu humsifu, au hukumbuka kile nisichonacho tu? Na je, mfereji wa neema yangu umeishia uani kwangu, au umepita ukafika kwa jirani? Mwenye elimu mfereji wake ni kufundisha. Mwenye duka mfereji wake ni kipimo cha haki na kumsubiri mwenye deni. Mwenye nguvu mfereji wake ni kumchukulia mzee mzigo wake. Na asiye na kitu hakosi neno jema.

Sayyid Barghash alinung'unika alipokuwa na vingi, akapoteza. Alipotoa, kilichotolewa ndicho kilichobaki.

Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe yeye na Waislamu wote waliotutangulia. Na sisi atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kushukuru katika raha, na wenye kusubiri katika shida, na wala asitufundishe thamani ya neema zake kwa kutuondolea. Amin.